Mtunzi na Deni la Neno Lake

Swali la dhima ya fasihi halikosi katika mitihani yetu. Tangu kidato cha kwanza hadi mwaka wa nne chuoni, mwanafunzi wa Kiswahili huulizwa fasihi ina kazi gani katika jamii, naye hujibu bila kusita: huelimisha, huonya, huadilisha, huhifadhi utamaduni, huunganisha watu, huwazindua waliolala. Majibu hayo hupata alama zote. Sijapata kuona mwongozo wa kusahihisha unaompa mwanafunzi hata alama moja kwa kusema kwamba fasihi pia huumiza, huwafarakanisha majirani, na humpa mwenye hasira jina la kumwita yule anayetaka kumdhuru. Hata hivyo, mtunzi akilaumiwa kwa madhara ya kazi yake, sisi wapenzi wa fasihi ndio wa kwanza kumkingia kifua: "Hiyo ni sanaa tu."

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kauli hizo mbili haziwezi kukaa katika chungu kimoja. Ikiwa neno lina nguvu ya kujenga, basi lina nguvu ya kubomoa. Na mtunzi anayepokea shukrani kwa la kwanza hana budi kuitika anapoitwa kwa la pili. Sisi tunaoishi na kusomea chini ya Mlima Kenya tuna sababu ya kulitafakari jambo hili kwa makini, maana historia ya Nyeri na miji jirani yake imejaa nyimbo na vijitabu vilivyowatoa watu majumbani mwao, wengine kwenda shuleni, wengine kwenda msituni, na wengine kwenda kizuizini.

Nianze na mtu ambaye wanafunzi wa Kiswahili tumemsahau, ingawa tuna haki ya kumdai kuwa wetu. Gakaara wa Wanjau alizaliwa Nyeri mwaka 1921. Wengi tunamfahamu kama mwandishi wa Kikuyu aliyekuwa na matbaa yake mjini Karatina. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1948 alitoa kijitabu kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Kabla ya wengi wa watunzi tunaowasoma darasani kushika kalamu, kijana huyu wa Nyeri alikuwa amekwisha kutambua kwamba Kiswahili kingeweza kulivusha wazo lake nje ya mipaka ya kabila lake. Mwezi Agosti 1952 alichapisha tamko la imani ya Gikuyu na Mumbi, lililofuata umbo la Imani ya Mitume ambayo kila mkristo wa misheni aliijua kwa moyo. Miezi miwili baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa, na Gakaara akawa miongoni mwa watu wa kwanza kukamatwa. Sehemu kubwa ya miaka ya 1950 aliimaliza kizuizini.

Serikali ya mkoloni, kwa ubaya wake wote, ilielewa dhima ya fasihi kuliko wahakiki wengi. Ilijua kwamba mtu aliyezoea kukiri imani kanisani, akipewa ukiri mwingine wenye mdundo uleule, anaweza kuukiri kwa moyo uleule. Ndiyo maana ilimfunga aliyeshika kalamu sambamba na walioshukiwa kushika panga. Tunapomsoma leo twamwona shujaa, nami sipingi. Ardhi ilikuwa imenyang'anywa, na aliyewaambia watu wasimame wima hakuwa mchochezi kwa maana tunayoitumia siku hizi. Lakini vita vile vilipiganwa pia baina ya ndugu na ndugu. Katika vijiji vya Mathira na Tetu kulikuwa na waliokula kiapo na waliokataa, waliokwenda msituni na waliojiunga na askari wa ulinzi wa nyumbani, na wote waliteka maji katika mto mmoja. Hakuna mizani inayoweza kupima ni mkono upi uliinuliwa kwa sababu ya ukurasa upi.

Kinachonivutia kwa Gakaara ni namna alivyoukabili ugumu huo. Mwaka 1983 alitoa shajara yake ya kizuizini, iliyoshinda Tuzo ya Noma mwaka 1984. Aliipa jina Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, yaani mwandishi wa Mau Mau akiwa kizuizini. Angeweza kujiita mchapishaji aliyeonewa, au mpenda utamaduni aliyeeleweka vibaya. Alichagua kujiita mwandishi wa vita vile, miaka thelathini baadaye, wakati ambapo jina la Mau Mau bado halikuwa na heshima rasmi nchini mwake. Serikali haikuondoa marufuku juu ya chama hicho hadi mwaka 2003, yaani miaka miwili baada ya Gakaara kufariki. Kwa jina hilo la kitabu alikubali kwamba maneno yake yalikuwa sehemu ya mambo yaliyotendeka. Hicho ndicho ninachokiita kulikubali deni la neno.

Yuko pia mtunzi asiyeweza kuitwa kwa jina, na huyu anatuhusu zaidi sisi wanafunzi wa fasihi simulizi. Mwaka 1929, misheni za Kiprotestanti, zikiwemo za Kanisa la Skotlandi, zilipowataka waumini waukane ukeketaji, nchi nzima ya Wakikuyu ilivuma kwa wimbo na ngoma iliyoitwa Muthirigu. Kila kilima kiliongeza ubeti wake. Wamishenari walitukanwa, machifu walitukanwa, maafisa wa serikali walitukanwa. Mapema mwaka 1930 serikali iliupiga marufuku. Mwezi Januari mwaka huohuo mmishenari mwanamke kutoka Marekani, Hulda Stumpf, aliuawa Kijabe katika kilele cha mgogoro huo.

Mgogoro huo ulizaa pia shule huru, Wakikuyu wakijijengea madarasa yao wenyewe bila kumngoja mmishenari, na shule hizo ni fahari yetu mpaka leo. Mwalimu wa historia atasimulia hayo kwa haki. Lakini mna watu katika Muthirigu wasiosimuliwa sana: wasichana. Wimbo ule ulimsimanga msichana ambaye hakukeketwa, ukamfanya kichekesho cha kijiji. Msichana wa miaka kumi na mitatu hakuwa chifu wala askofu wala gavana. Hakuwa na ngoma yake ya kujibu. Ugomvi ulikuwa wa wazee na wazungu, na uwanja wake ukawa mwili wa mtoto. Basi nani alaumiwe, ilhali mtunzi ni umma? Tumefundishwa kwamba kazi ya fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima. Ni sawa, lakini mali ya wote huja na deni la wote. Kila aliyeongeza ubeti alikuwa mtunzi kwa ubeti ule, na kila aliyeitikia kiitikio alikuwa mtunzi kwa sauti yake. Kijana wa leo anayepokea wimbo wa matusi kwenye simu yake akausambaza kwa makundi matano hawezi kusema kwamba yeye hakutunga.

Nimeitaja simu kwa sababu mambo haya hayakuishia enzi za ukoloni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu 1,133 waliuawa nchini kwa hesabu ya Tume ya Waki, na ripoti ya tume hiyo ya mwaka 2008 haikuziacha nje redio za lugha za mama ilipoeleza jinsi chuki ilivyochochewa. Bunge likatunga sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa mwaka 2008, inayoweza kumtoza mwenye matamshi ya chuki faini ya hadi shilingi milioni moja, au kumfunga hadi miaka mitatu, au yote mawili. Mwezi Julai 2012, uchaguzi mwingine ukikaribia, wanamuziki watatu wa Kikuyu, Kamande wa Kioi, Muigai wa Njoroge na marehemu John DeMathew, walifikishwa mahakamani chini ya sheria hiyo kwa sababu ya nyimbo zao. Shtaka si hatia, nami si hakimu. Ninachotaka kukumbusha ni mjadala uliozuka. Katika vituo vya matatu na maduka ya kanda, toka Nyeri hadi Murang'a, utetezi uliosikika sana ulikuwa uleule wa siku zote: wale ni wasanii, wanaimba tu.

Jambo la ajabu ni kwamba watu haohao humsifu marehemu Joseph Kamaru kwa nguvu ya nyimbo zake. Husimulia jinsi wimbo wake wa miaka ya 1960 kuhusu walimu wanaowaharibu wasichana wa shule ulivyowaghadhabisha walimu, na jinsi alivyoomboleza kifo cha J. M. Kariuki mwaka 1975 wakati ambapo wengi waliogopa hata kulitamka jina lake. Wimbo wa Kamaru, wasema, uliitikisa nchi. Naam, uliitikisa. Basi wimbo wa mwingine nao unaweza kuitikisa nchi ile, tena upande wa makaburini. Hatuwezi kumpa Kamaru nguvu halafu tukamnyima mwingine nguvu hizohizo siku anapoulizwa alizitumia wapi.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza ni kwamba msikilizaji ana akili zake. Wimbo haushiki panga. Mtu ndiye anayelishika. Hili ni kweli, na aliyeua atajibu kwa kuua. Lakini hatia si mkate, kwamba mmoja akichukua kipande kikubwa mwenzake hubakiwa na kidogo. Anayemfungulia mwizi mlango hapunguzi wizi wa mwizi, wala wizi wa mwizi haumwondolei yeye kosa la kufungua. Mtunzi anaijua hadhira yake. Anajua nani amepoteza shamba, nani ana njaa, nani anatafuta wa kulaumiwa. Ujuzi huo ndio unaomfanya awe mtunzi bora, na ndio huohuo unaomnyima kisingizio cha kutojua.

Ya pili ni nzito zaidi. Wenye mamlaka wamelitumia jambo hili la athari ya fasihi kuwafunga midomo wanaosema kweli. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali: Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa kijikaratasi alichokiita Kenya: Twendapi? Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwishoni mwa 1977 baada ya mchezo wa Kamĩrĩĩthũ. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, mwanzoni mwa 1987 wapelelezi walisikia kwamba wakulima wa Kenya ya Kati wanamzungumzia mtu aitwaye Matigari anayezunguka akidai haki, amri ikatolewa akamatwe, na ilipobainika kwamba ni mhusika wa riwaya, kikakamatwa kitabu. Tukicheka kisa hicho, tukumbuke kwamba kina funzo. Dola iliiogopa kazi ile kwa sababu iliwauliza wenye nguvu maswali. Haikumwelekeza msomaji kwa jirani yake maskini mwenzake.

Kwa hiyo simwiti polisi. Sheria ni chombo kisichofaa kupimia dhamiri, na mfano bora uko hapa hapa Afrika Mashariki. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mashuhuri wa Rwanda, ambaye nyimbo zake zilipigwa redioni wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimhukumu tarehe 2 Desemba 2008 kifungo cha miaka kumi na mitano. Hakuhukumiwa kwa nyimbo zake. Alihukumiwa kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye gari, akiwahimiza watu waue. Majaji walikiri kwamba nyimbo zilitumiwa katika propaganda ya chuki, lakini ushahidi haukutosha kumtia hatiani kwa ajili yake. Nadhani mahakama ilifanya vyema kuwa na tahadhari. Lakini je, mtunzi anayezisikia nyimbo zake zikipigwa mchana na usiku huku watu wakiuawa, alale usingizi kwa kuwa mahakama haikuweza kuthibitisha? Pale sheria inapokomea ndipo maadili yanapoanza kazi yake ngumu.

Tutumie kipimo gani, basi? Sina kanuni, ila nina maswali ambayo nimeanza kujiuliza mwenyewe. Ninayemsema katika kazi hii yuko juu yangu au chini yangu? Tashtiti inayomchoma mkubwa ina kinga, maana mkubwa anaweza kujibu. Inayomchoma mnyonge ni kumpiga aliyefungwa mikono. Ninasema lini? Maneno yaleyale yanayochekesha mwezi wa nne wa mwaka mtulivu yanaweza kuwa kiberiti wiki moja kabla ya uchaguzi. Na nikiona kwamba nilikosea, nitafanya nini? Hapa Ngũgĩ ametuachia mfano mwingine. Katika toleo la kwanza la A Grain of Wheat, la mwaka 1967, mna tukio ambamo wapiganaji wa uhuru wanambaka mwanamke mzungu. Katika toleo lililorekebishwa la miaka ya 1980 aliliondoa. Wahakiki wamelumbana iwapo aliiboresha riwaya au aliiharibu. Mimi najifunza jambo moja tu: mtunzi alirudi kwenye maneno yake mwenyewe, akauliza yamewafanyia nini watu walio hai, akachukua kalamu.

Ningeweza kuishia hapo, nikajificha nyuma ya majina makubwa. Lakini makala yanayodai watu wakiri madeni yao hayana uso ikiwa mwandishi wake hajakiri lake.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni ya eneo hili. Nilitunga shairi la tarbia juu ya mlevi aliyelala kwenye njia panda, akakanyagwa na mbuzi, akaamka na kuwasalimu mbuzi kama wakwe zake. Halikuwa na uongo mkubwa. Mlevi huyo alikuwapo, na kila aliyepita njia ile siku ya soko alimjua. Alikuwa baba wa mwenzetu wa darasa. Mwalimu aliusifu utungo wangu mbele ya wote: vina vimetimia, mizani haikupungua, kibwagizo kimekolea. Ukabandikwa kwenye gazeti la ukutani, na siku ya kufunga shule nikatuzwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kamusi hiyo ninayo hadi leo. Mwenzetu naye alipata tuzo: kibwagizo changu kikawa jina lake. Aliitwa hivyo bwenini, akaitwa hivyo uwanjani, akaitwa hivyo kwenye foleni ya githeri. Muhula uliofuata hakurudi.

Huenda aliacha shule kwa kukosa karo. Baba aliyekunywa kahawa yote ya msimu hakuwa na karo. Nimeikumbatia sababu hiyo kwa miaka mingi, maana inanifaa. Lakini nilimkuta mara moja sokoni Karatina, akipakia viazi kwenye lori. Alinisalimu kwa jina langu, nami nikagundua kwamba jina lake halisi limenitoka. Lililonijia ulimini ni lile la kibwagizo. Nikanyamaza. Aliniuliza jambo moja tu: "Bado unatunga?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri," akarudi kwenye magunia yake. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona.

Nilikuwa mtoto, na mwalimu hakuwa na nia mbaya. Lakini nimegundua kwamba hata chuoni tunasahihisha vilevile. Tunahesabu mizani, tunasaka tamathali, tunajadili iwapo bahari ni ya kale au ya kisasa, kisha tunapiga makofi. Mtu aliyesemwa na shairi hayumo ukumbini, na hakuna anayemuuliza hali.

Ndiyo maana nina pendekezo kwa chama chetu. Katika vikao vyetu vya kusomeana kazi, baada ya fani na maudhui kuchambuliwa, liongezwe swali moja: mtu huyu anayesemwa angekuwa ameketi kiti cha mbele, mtunzi angesoma hivi hivi? Kama ni waziri mwizi, na asome kwa sauti kubwa zaidi. Kama ni mjakazi, mlevi, msichana mwenye mimba au kabila la jirani, basi mtunzi atafakari kabla ya kufungua kinywa. Swali hilo halimfungi mtu mdomo. Litamkumbusha tu kwamba ana mdomo, na kwamba mwenzake ana masikio.

Kwa wahadhiri wetu nina ombi dogo. Mnapotunga tena swali la dhima ya fasihi, tuulizeni pia juu ya madhara yake, na mtupe alama tukijibu kwa ukweli. Anayefuzu kwa kusema kwamba fasihi hujenga tu anatoka chuoni na kiberiti mfukoni, akidhani ni tochi.

Wenzangu ambao hawakubaliani nami, wako wengi na wana hoja. Naomba wanijibu katika toleo lijalo, kwa majina yao.